Kabla ya Kuahidiwa Kioo, Tuulize Kimepikwa kwa Nini

Tangu Kilifi na Kwale zilipotajwa miongoni mwa sehemu ambazo huenda zikafaa kujengwa mtambo wa umeme wa nyuklia, nimehudhuria mabaraza mengi, mengine rasmi na mengine ya vibarazani tu, na katika karibu yote nimelisikia neno moja likitamkwa upesi na kuachwa upesi zaidi. Neno hilo ni kioo. Anayeutetea mtambo husema kwamba taka zake zitayeyushwa ndani ya kioo, kioo kitagandishwa, na huo utakuwa mwisho wa hofu. Anayeupinga hujibu kwamba chupa ikianguka huvunjika, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Watu hupiga makofi upande huu, kisha hupiga makofi upande ule, kisha huenda kuswali alasiri.

Kila mmoja wao amesema jambo la kweli, wala hakuna hata mmoja aliyesema jambo la kutosha. Kioo si kitu kimoja. Ni jina la jamii nzima ya vitu, kama vile tunavyosema “mchuzi”. Mchuzi wa papa wa Gazi na mchuzi wa kunde wa Kinango ni michuzi yote miwili, lakini hakuna mpishi atakayekubali kuapa juu ya ladha ya mchuzi asioujua viungo vyake. Vivyo hivyo, kuna kioo kinachoweza kukaa baharini karne kumi na nane kikabaki kioo, na kuna kioo kilichowekwa dirishani mwa kanisa ambacho karne chache tu za mvua zimekigeuza ukurutu. Tofauti yao haionekani kwa macho. Imo katika namna atomu zake zilivyoshikana, na namna hiyo hutokana na kilichotiwa chunguni.

Najua wako watakaosema kwamba jambo hili limetupita. Bodi ya kushughulikia umeme wa nyuklia iliundwa nchini mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa wakala tuujuao leo kwa jina la NuPEA. Mwaka 2024 wananchi wa Uyombo kule Kilifi waliandamana kuukataa mtambo. Na kufikia mwaka 2025 macho ya serikali yalikuwa yameelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kwa nini basi mwalimu wa Msambweni ajishughulishe? Najibu kwamba taka za namna hii huhesabiwa kwa maelfu ya miaka, na mbele ya hesabu hiyo umbali wa kutoka Siaya hadi Shimoni ni mdogo mno. Isitoshe, kama nitakavyoeleza, viungo kadhaa vya kioo hiki vimelala chini ya miguu ya wanafunzi wetu. Si haki wavisome katika vitabu kana kwamba ni vitu vya sayari nyingine.

Tuanze jikoni. Wanaopika gubiti wanajua kwamba sukari ikichemshwa na maji kidogo hadi iwe nzito, kisha ikaachwa ipoe, mara nyingi hugeuka chengachenga nyeupe. Lakini ukikamua matone machache ya ndimu ndani ya sufuria, sukari ile ile hupoa ikawa ngumu, angavu, inayopitisha mwanga. Ndimu haikuongeza ugumu wowote. Ilichofanya ni kuzivunja baadhi ya molekyuli za sukari zikawa za aina mbili nyingine, na molekyuli hizo zikazizuia zile zilizobaki zisijipange safu kwa safu. Chengachenga ni fuwele, yaani atomu au molekyuli zilizojipanga kwa nidhamu ya gwaride. Gubiti ni kioo, yaani zilizoganda kabla ya kupata nafasi ya kujipanga. Hapo mwanafunzi amekwisha kuona somo zima kwa udogo wake: kitu kidogo kilichotiwa chunguni kimebadili mpangilio wa ndani, na mpangilio umebadili tabia. Na gubiti hiyo ukiiacha mezani siku za masika, hunata vidoleni, kwa sababu maji yaliyomo hewani yameanza kuila. Adui wa kioo cha taka ni huyo huyo. Si nyundo, bali maji.

Sasa tutoke jikoni twende mchangani. Kioo cha kawaida huanzia kwenye silika, ambayo ndiyo mchanga wenyewe. Lakini si kila mchanga. Mchanga mweupe wa Diani, ambao wageni huusifu kwa kalamu na kwa kamera, una chokaa nyingi ya matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Mwalimu akidondosha siki juu yake atauona ukitoa mapovu. Mchanga wa vilima vya ndani, kuelekea Shimba, hauna habari na siki, kwa maana sehemu yake kubwa ni silika. Jaribio hili halihitaji maabara wala ruzuku, nami nashangaa kwamba halifanywi katika kila shule ya pwani.

Ndani ya silika, kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni. Mfikirie kaa la moto lililo katikati ya mafiga matatu na chungu juu yake: kaa ndilo silikoni, mafiga na chungu ndizo oksijeni nne. Kila oksijeni haimilikiwi na silikoni moja tu, bali hushikwa na mbili, ikawa kama fundo linalounganisha nyuzi mbili za jarife. Hivyo silika yote ni wavu mmoja mkubwa usio na mwanzo wala mwisho. Katika fuwele macho ya wavu huo yanalingana. Katika kioo ni ya ukubwa usiolingana, mengine yamenyooka, mengine yamepinda, ila mafundo ni yale yale. Wazo hili la wavu usio na mpango lilitolewa na William Zachariasen mwaka 1932, na ingawa limerekebishwa hapa na pale, bado ndilo msingi wa somo.

Wavu wa silika tupu ni imara kupita kiasi, na uimara huo ndio shida yake. Hauyeyuki ipasavyo mpaka moto ufike nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo sesiamu iliyomo katika taka ingekwisha kuwa mvuke na kutorokea katika bomba la moshi. Kwa hiyo mpishi hulazimika kutia soda. Sodiamu huingia katika wavu na kukata mafundo: oksijeni iliyokuwa imeshika silikoni mbili sasa inashika moja, na mkono wake wa pili unaning'inia ukiwa umeshikwa kilegevu na sodiamu. Kioo huyeyuka kwa urahisi, kinamiminika, kinafanyika kazi. Lakini kila fundo lililokatwa ni mlango kwa maji. Ukizidisha soda utapata kitu kinachofanana na kioo ambacho ukikitia katika maji ya moto kinayeyuka chote kama chumvi. Viwanda vya sabuni hukitumia kitu hicho kila siku.

Hapo ndipo boroni inapoingia, na tabia yake ni ya ajabu kidogo. Ikiwa peke yake, boroni hushika oksijeni tatu tu, mafiga pasipo chungu, nayo hukaa bapa. Ikipata sodiamu jirani, huweza kushika oksijeni ya nne na kuwa sehemu kamili ya wavu wa pande zote. Maana yake ni kwamba sodiamu ile ile iliyokuwa ikikata mafundo, mbele ya boroni hugeuka kuwa mwenye kusaidia kuyafunga. Lakini msaada huo una kikomo. Boroni zikishatosheka, sodiamu inayozidi hurudia kazi yake ya kukata. Wanafunzi wangu wa miaka iliyopita walikuwa wakiniambia, “Mwalimu, basi sodiamu ni mnafiki.” Niliwajibu kwamba atomu haina unafiki, ina hesabu ya chaji. Silikoni ina chaji nne za kulipia oksijeni zake nne. Alumini ina tatu, na ikikalia kiti cha silikoni katika wavu hubaki na deni la moja. Sodiamu yenye chaji moja hukaa kando yake na kulilipa deni hilo. Sodiamu inayolipa deni haikati fundo.

Kwa hiyo ndani ya kioo kuna mashindano. Alumini hutangulia kujitwalia sodiamu. Zirkoniamu, ambayo huzungukwa na oksijeni sita na kuhitaji kulipiwa deni la chaji mbili, hufuata. Boroni hupata masalio, na ikikosa hubakia bapa na mafiga yake matatu. Ndiyo sababu huwezi kusema “nitaongeza alumini kidogo kioo kiwe kigumu” ukadhani umegusa alumini peke yake. Umeinyang'anya boroni sodiamu, umebadili joto la kuyeyukia, umebadili ulaini wa kumiminika, na huenda umebadili pia mahali sesiamu itakapolala. Msomaji atanisamehe kwa kurefusha habari hii ya madeni, lakini hapo ndipo kilipo kiini cha ufundi wote.

Nimeitaja zirkoniamu, nayo sina budi kuipa nafasi yake, kwa kuwa ni mwana wa Kwale. Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito wa Maumba na Nguluku. Kutoka humo ilitoa madini ya ilmenaiti na rutaili, yenye titani, na zirkoni, yenye zirkoniamu, yote yakisafirishwa kupitia bandari ndogo iliyojengwa Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014. Nimekutana na wazazi walioajiriwa humo miaka yote hiyo ambao hawakuwahi kuambiwa zirkoni ni ya nini, isipokuwa kwamba hupakwa kwenye vigae. Ni kweli, vigae vinaichukua kwa wingi. Lakini zirkoniamu hufanya pia mirija inayobeba nishati ya uraniamu ndani ya kinu cha nyuklia, na ni kiungo katika kioo kinachofungia taka za kinu hicho. Mwaka ule ule wa 2024 mwenye kampuni hiyo, Base Resources ya Australia, alinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, ambayo biashara yake mashuhuri ni uraniamu. Silitaji hili kwa shutuma. Nalitaja kwa sababu jiografia ya darasani ingepata uhai kama ingefuata chembe moja ya mchanga kutoka Nguluku hadi mwisho wa safari yake.

Kioo maarufu zaidi cha taka ni kile cha Ufaransa, kinachotengenezwa La Hague. Kina silika karibu asilimia 45, boroni iliyoungana na oksijeni asilimia 14 hivi, soda asilimia 10 hivi, alumini asilimia 5 hivi, chokaa asilimia 4 hivi na zirkoniamu karibu asilimia 3, na taka zenyewe huchukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Huyeyushwa kwa nyuzi 1,100 hivi na kumiminwa katika mikebe ya chuma cha pua, kila mkebe ukibeba kilo 400 za kioo. Taka hazikai katikati yake kama samaki katika barafu. Zimeingia katika wavu wenyewe: sesiamu inakaa pale ambapo sodiamu ingekaa, strontiamu inafuata nyayo za kalsiamu, na kila moja imeshikwa na oksijeni za jirani. Huo ndio ubora wa kioo kuliko saruji au pipa. Mfungwa amefanywa kuwa tofali la gereza.

Lakini si wafungwa wote wanaokubali kuwa matofali. Molibdeni hushika oksijeni zake nne na kujitenga, haijiungi na wavu. Ikizidi asilimia moja hivi, hujikusanya na sodiamu na sesiamu ikafanya tabaka la manjano linaloelea juu ya kioo kilichoyeyuka, na tabaka hilo huyeyuka katika maji. Ruthenia na paladi hazitaki kabisa kuyeyuka, huzama chini ya tanuri kama mawe katika mchele. Salfa nayo ni korofi. Wahindi kule Trombay, ambao taka zao zilikuwa na salfa nyingi, waliona kioo cha kawaida hakiwafai, wakatunga kingine chenye bariamu. Warusi wa Mayak, tangu mwaka 1987, wamekwenda njia nyingine kabisa: wavu wao si wa silika bali wa fosfati. Kila nchi imepika kwa kuutazama uchafu wake yenyewe.

Anayetaka kuona gharama ya kutoutazama mapema na aitazame Hanford, katika jimbo la Washington, Marekani. Kuna matangi 177 yaliyozikwa, yenye zaidi ya lita milioni 200 za mabaki ya kazi ya kutengeneza plutoniamu ya mabomu tangu Vita Vikuu vya Pili. Taka hizo zina sodiamu na alumini kwa wingi. Msomaji aliyefuatana nami hadi hapa atadhani hiyo ni heri: alumini itaungana na wavu, sodiamu italipa deni. Naam, mpaka kioo kinapopoa polepole katikati ya mkebe mkubwa. Hapo sodiamu, alumini na silikoni huweza kujipanga gwaride zikawa fuwele ya nefelini, zikijitoa kwenye wavu kwa mafungu yaliyo sawa, na kuacha nyuma kioo maskini chenye boroni nyingi na uti wa mgongo mdogo. Ni ile sukari iliyokosa ndimu. Wataalamu wa huko wametumia miongo kadhaa kutafuta mipaka ya mapishi ambayo nefelini haitazuka ndani yake.

Na zirkoniamu yetu? Kisa chake ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Ukiongeza zirkoniamu katika kioo, maji hukila polepole zaidi siku za mwanzo, kwa sababu mafundo yake sita ni magumu kufunguliwa. Mtu angesema basi, tuongeze. Mwaka 2008 kundi la watafiti, wengi wao wa Ufaransa, lilionyesha katika jarida la Nature Materials kwamba mambo hugeuka baadaye. Maji yanapokila kioo, huacha juu yake utando laini wa silika wenye matundu. Katika kioo kisicho na zirkoniamu nyingi, utando huo hujisuka upya, matundu yake yakajifumba, na maji yakazuiwa nje. Zirkoniamu, kwa kuwa haitaki kuachia mafundo yake, inauzuia utando kujisuka. Matundu hubaki wazi, na maji yakaendelea kuingia polepole. Kioo kilichoanza vizuri kikaliwa zaidi mwishoni. Mvuvi wa Msambweni hatashangaa, maana wavu unaotatizika kwa ukaidi wa mafundo haushoneki. Aliyepima kwa wiki moja maabarani angetangaza ushindi, na aliyesubiri angeuona upande wa pili.

Swali la kusubiri ndilo gumu, kwa kuwa hakuna binadamu atakayesubiri. Sesiamu na strontiamu za taka hupunguka kwa nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo karne chache zinazitosha. Plutoniamu huchukua miaka 24,100 kupunguka nusu, na neptuniamu zaidi ya miaka milioni mbili. Wanasayansi wamekwenda kuwauliza wahenga wasiosema. Karibu na kisiwa cha Embiez, kusini mwa Ufaransa, ilizama meli ya Kirumi iliyobeba mabonge ya kioo. Mabonge hayo yalikaa baharini miaka 1,800 hivi, nayo yamechunguzwa ili kuona maji yalipenya kiasi gani katika nyufa na kiasi gani usoni. Upande wa pili ni madirisha ya makanisa ya Ulaya ya zama za kati, yaliyopikwa kwa jivu la miti lenye potasiamu nyingi na silika haba: hayo ndiyo yaliyopata ukurutu.

Nasi pia tunao wahenga wetu. Shanga za kioo zilizofukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga ya kisiwa cha Pate na Unguja Ukuu, zimekaa katika udongo wa chumvi na unyevu karne nyingi, tena ni vijitu vidogo ambavyo maji yana nafasi ya kuvila kote. Nyingi kati ya zilizopimwa ni kioo cha soda chenye alumini nyingi, kilichotoka Asia ya Kusini kwa majahazi ya kaskazi. Bibi zetu walizivaa viunoni bila kujua kwamba alumini ile ilikuwa ikilipiwa deni na sodiamu. Ningependa siku moja mwanafunzi wa Kwale aziandikie tasnifu, asiachiwe mgeni peke yake.

Kisha kuna Mrima. Kilima hicho kilicho ndani ya Kwale, msitu wa kaya unaoheshimiwa na Wadigo, kina niobiamu na madini adimu, na pamoja nayo thoriamu, kiasi kwamba mnururisho wa ardhi yake ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa ardhi ya kawaida. Profesa J. P. Patel wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika juu ya vipimo vyake mwaka 1991. Watu wengi wamekisikia kwa sababu ya ugomvi wa leseni ya kuchimba iliyotolewa na kufutwa mwaka 2013, na kesi ambayo kampuni ilishindwa mwaka 2018 mbele ya majaji wa kimataifa. Mimi hukitazama kwa jicho lingine. Thoriamu hupunguka nusu kwa miaka bilioni 14, na sehemu yake kubwa imekaa ndani ya fuwele za monazaiti, ambazo ni fosfati. Mvua za pwani zimeyaoza mawe mengine ya Mrima zikayafanya udongo mwekundu, na monazaiti ikabaki imeishika thoriamu yake.

Zirkoni ya Nguluku ina kisa kinachofanana na hicho na kinachotofautiana nacho. Nayo hubeba uraniamu na thoriamu kidogo, na kila atomu moja inapopasuka huirudisha nyuma kiini chake kwa kishindo kinachovuruga maelfu ya atomu za jirani. Kwa mamilioni ya miaka fuwele hupoteza gwaride lake na kuwa kama kioo. Monazaiti ikivurugwa hujiponya upesi, zirkoni hukawia. Kioo chenyewe hakina gwaride la kupoteza, ndiyo maana hustahimili vishindo hivyo bila kubadilika sana. Mwaustralia Ted Ringwood, kuanzia mwaka 1978, alishauri tuache kioo tutumie mawe ya kutengenezwa yenye titani na zirkoniamu, yaani madini yale yale yaliyosafirishwa kutoka Likoni. Wazo lake linaendelea kujaribiwa, lakini viwanda vingi vimebaki na kioo, kwa sababu jiwe huchagua atomu za kukaa nalo, na kioo hupokea karibu kila mgeni.

Limebaki jambo ambalo mabarazani sijalisikia likisemwa wazi na upande wowote. Mtambo wa nyuklia hautoi kioo. Unatoa nishati iliyotumika, yaani mirija ya zirkoniamu yenye uraniamu ndani, ya moto na ya hatari, ambayo hukaa majini miaka kadhaa, kisha katika makasha makavu. Wafini wameamua kuizika kama ilivyo, ndani ya shaba, chini ya mwamba wa Onkalo. Hakuna kioo hapo. Kioo hutokea tu pale nishati hiyo inapopelekwa kiwandani ikayeyushwa katika asidi, uraniamu na plutoniamu zikatolewa, na mabaki yakapikwa. Kenya haina kiwanda hicho. Tulicho nacho ni ghala la Oloolua, karibu na Ngong, la kutunzia mabaki madogo yatokayo hospitali na viwandani.

Kwa hiyo anayetuahidi kioo anatuahidi, hata kama hajui, safari ya baharini ya kwenda na kurudi. Sheria ya Ufaransa hairuhusu taka za wageni zibaki huko. Japani ilianza kurudishiwa mikebe yake mwaka 1995, Ujerumani mwaka 1996, na shehena ya mwisho ya Ujerumani kutoka La Hague ilifika Philippsburg Novemba 2024, ikiwa ni miongo mingi baada ya nishati yenyewe kuchomwa. Mikebe yetu ingeshushwa Kilindini, ng'ambo tu ya Likoni, na mkononi mwa ofisa wa bandari kungekuwa na karatasi inayoeleza kwa asilimia kila kilichotiwa chunguni. Hadi sasa sijaona mtaala wa sekondari unaomwezesha ofisa huyo kuisoma karatasi hiyo.